Telemetria ya ndege za rimoti: sensa isiposoma, inaposoma uongo, inapokata hewani

Umefunga sensa ya volti, vario (kipimo cha kupanda na kushuka) na GPS ndani ya glaida ya umeme, umerudisha kifuniko, umewasha rimoti, na kwenye skrini kuna vistari mahali pa namba. Usiguse bisibisi bado. Telemetria ni vipimo ambavyo ndege inakurudishia, na kila namba, uione kwenye skrini au uisikie, hupita sehemu tatu: inazaliwa kwenye sensa, inapita kwenye waya hadi resiva, kisha resiva inairusha kurudi kwenye rimoti. Kila sehemu ina dalili zake, na anayekimbilia kubadilisha sensa kabla ya kujua njia imekatika wapi atanunua sensa mbili bure.

Mifano nitakayotoa ni ya kampuni ya FrSky, ule mfumo wake wa waya wa sensa uitwao S.Port, na rimoti yenye programu ya OpenTX au mrithi wake EdgeTX. Mwenye Futaba, FlySky au nyingine atakuta majina na menyu tofauti, ila ugonjwa ni uleule.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Tazama RSSI (nguvu ya mawimbi) na RxBt (volti za resiva). Hizi mbili hazitoki kwenye sensa yoyote uliyofunga, zinatoka kwenye resiva yenyewe. Zikisomeka, njia ya hewani ni nzima na tatizo liko kwenye nyaya, sensa au mipangilio. Zisiposomeka, sensa zako hazina kosa, ziache zilivyo.

Hakuna kitu kabisa, hata RSSI, lakini servo (mota ndogo za kusogeza usukani) zinatii

Mara nyingi resiva iliunganishwa na rimoti ikiwa telemetria imezimwa. Kwenye resiva ya X8R na jamaa zake, wakati wa kuunganisha unachagua vitu viwili kwa pamoja: chaneli 1 hadi 8 au 9 hadi 16, na telemetria iwake au izimwe. Ukichagua vibaya ndege itaruka vizuri tu, ila itakuwa bubu. Dawa ni kuunganisha upya, dakika moja imekwisha.

Kama ndege ina resiva mbili, moja tu ndiyo iwashwe telemetria. Zikijibu zote mbili kwa wakati mmoja zinapigiana kelele, na unachopata ni namba zinazotokea na kupotea, au ukimya kabisa.

Halafu kuna resiva ambazo hazina telemetria tangu kiwandani. Soma lebo kabla hujaanza kulaumu.

Ikiwa servo nazo hazitii, hilo si tatizo la telemetria tena. Kwa FrSky, angalia kwanza toleo la programu ya ndani: D16 (mfumo wa mawasiliano kati ya rimoti na resiva) toleo la 1 na toleo la 2 havisikilizani, hata vikiwa vya kampuni moja na vimetoka duka moja.

RSSI ipo, sensa hazionekani

Anza na jambo la aibu kidogo ambalo wengi hulipitia: rimoti haijaambiwa itafute. OpenTX na EdgeTX huweka orodha ya sensa kwa kila modeli peke yake. Sensa uliyoizoea kwenye ndege ya jana haitajitokeza kwenye modeli mpya mpaka ufungue ukurasa wa telemetria na kuiamuru itafute sensa mpya. Washa ndege kwanza, pamoja na betri ya mota ikiwa sensa inapima betri hiyo, ndipo utafute. Zikishaonekana zote, simamisha utafutaji.

Bado hakuna? Sasa ingia kwenye waya. Kwenye resiva nyingi tundu la S.Port limekaa jirani na la SBUS (njia ya amri za servo), na plagi ya servo inaingia kote kote bila malalamiko. Hakikisha uko kwenye tundu sahihi na plagi haijageuzwa. Kisha chukua multimita, upime volti kwenye plagi ya sensa ya mwisho kabisa, ile iliyo mbali na resiva. Ukipata volti 5 kwenye resiva na sifuri mwishoni, umeshajua waya umekatikia katikati.

Sensa za S.Port hufungwa kwa mnyororo, moja ikipitisha waya kwa nyingine, na mpangilio wake haujalishi. Ubaya wa mnyororo ni kwamba kiungo kimoja kibovu kinawazima wote walio nyuma yake. Kwa hiyo usijaribu zote pamoja. Chomoa zote, bakiza moja karibu na resiva kwa waya mfupi unaojua ni mzima. Ikisoma, ongeza ya pili. Ile itakayozima wenzake ndiyo yenye ugonjwa, yenyewe au waya wake. Mara nyingi ni waya: pini iliyorudi nyuma ndani ya plagi nyeusi, isiyoonekana mpaka uinamishe plagi kwenye mwanga na kuona pini mbili zinang'aa na ya tatu imezama.

Sababu nyingine ni kuchanganya vizazi. FrSky walikuwa na sensa za zamani zilizopita kwenye kisanduku cha kuzikusanya, kabla ya S.Port. Lugha ya zile si lugha ya hizi. Ukinunua mtumba, uliza kabla ya kulipa.

Sensa mbili zinapokezana, au zote mbili zimepotea

Hii ni dalili nzuri kwa sababu ina sababu moja kuu. Kwenye S.Port resiva ndiyo inayouliza, na sensa hujibu inapoitwa kwa namba yake. Kuna namba 28, na kila aina ya sensa hutoka kiwandani na namba yake. Vario ina yake, GPS ina yake, na kila FLVSS, yaani sensa ya volti za seli, hutoka na namba ileile kama FLVSS nyingine zote.

Ukifunga FLVSS mbili kwa ajili ya betri mbili, zote zinajibu jina moja linapoitwa. Majibu yanagongana kwenye waya. Utaona volti zinaruka, zinapotea, zinarudi, na rimoti inasema sensa imepotea. Chomoa moja: ikiwa iliyobaki inatulia mara moja, umeshapata jibu. Badilisha namba ya mojawapo kwa kifaa kidogo cha FrSky kiitwacho SCC, au kwa skripti kama rimoti yako inayo, kisha futa sensa za zamani kwenye orodha na utafute upya. Usipofuta utabaki na mizimu kwenye skrini: majina mawili ya Cels (jina la volti za seli kwenye skrini), moja hai na moja mfu, na kengele yako imefungwa kwenye ile mfu.

Weka alama kwa kalamu ya wino kwenye sensa uliyoibadilisha namba. Miezi sita baadaye hutakumbuka ni ipi.

Volti hazieleweki

Wapo wanaoona volti 5.1 kwenye skrini na kushangaa betri ya seli tatu imepatwa na nini. Hiyo ni RxBt, volti zinazoingia kwenye resiva kutoka BEC, yaani kipunguza volti kinacholisha resiva na servo. Haitakuambia lolote kuhusu betri ya mota mpaka siku BEC yenyewe ifeli. Kwa betri ya mota unahitaji FLVSS kwenye plagi ya balansi (ile ndogo yenye waya wa kila seli), inayoonekana kwa jina Cels, halafu utengeneze sensa ya hesabu inayotoa seli ya chini kuliko zote. Kengele ifungwe kwenye hiyo. Jumla ya volti 11.1 inaweza kuficha seli mbili za 3.9 na moja ya 3.3 ambayo iko njiani kufa.

Kama Cels inaonyesha seli pungufu, plagi ya balansi haijakaa pini zote, au imeingia upande. FLVSS ina alama ya mahali pa waya wa hasi. Iheshimu.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vifaa huungua. Waya mweusi wa balansi ni mwembamba na unatoka moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Ukiuchomeka kwenye FLVSS, hasi hiyo inapita ndani ya sensa, inafuata waya wa S.Port hadi resiva, na kutoka resiva inaingia kwenye ESC (kidhibiti cha mota) kwa waya wa BEC. Bila kujua, umeshaunganisha hasi ya betri na hasi ya ESC kwa nyaya nyembamba kama uzi. Sasa unashika plagi kubwa. Kama chanya na hasi ni plagi mbili zilizotengana na chanya ikagusa kwanza, mkondo wa kujaza kapasita za ESC hausubiri hasi ije. Unarudi kwa njia pekee iliyopo. Cheche uliyozoea kuisikia kwenye plagi kubwa sasa imepigwa ndani ya sensa na resiva. Kinachofuata ni FLVSS iliyokufa, au ganda la waya lililolainika, au resiva inayofanya kazi leo na kuzima siku nyingine bila sababu unayoiona.

Kwa hiyo: plagi kubwa kwanza, na kama zimetengana, hasi kabla ya chanya. Balansi mwisho. Wakati wa kuchomoa, balansi kwanza, plagi kubwa mwisho. Kama umewahi kugusa waya mweusi wa balansi baada ya kuruka ukaukuta una joto, simama hapo hapo. Waya huo haupaswi kubeba mkondo wa maana. Joto linakuambia hasi kubwa ina lehemu mbovu au plagi iliyolegea, na sehemu ya mkondo wa mota inakatiza kupitia resiva yako.

Vario inalia ndege ikiwa chini

Vario inapima shinikizo la hewa. Tofauti ya sentimita 10 za kimo karibu na usawa wa bahari ni takriban paskali 1.2, kiasi kidogo mno, ndiyo maana inadanganywa na vitu ambavyo mtu hafikirii.

Mwanga wa jua ni wa kwanza. Vario nyingi, pamoja na za FrSky, zina chipu ya MS5611 au dada zake, na chipu hiyo ina tundu dogo juu. Jua likiingia moja kwa moja kwenye tundu, namba inaruka. Jaribu mezani: washa vario bila kifuniko, subiri itulie, kisha mulika tochi kali karibu na chipu. Kimo kikiruka, umeona kwa macho yako. Weka kipande cha sponji nyeusi yenye matundu juu ya chipu, bila kuziba kwa gundi. Sponji hiyo pia inavunja upepo unaozunguka ndani ya bodi.

Upepo huo ndio mdanganyifu wa pili. Bodi ya glaida yenye tundu la kupoza ESC mbele na tundu kubwa zaidi nyuma hunyonywa hewa ndege inapokimbia, na vario inadhani imepanda. Dalili yake ni kimo kinachoruka mara tu unapowasha mota na kurudi unapoizima, ndege ikiwa bado mkononi. Hamisha vario mbali na njia ya hewa, au ifunge kwenye chumba chake chenye tundu dogo.

Kuna malalamiko mengine ambayo si ubovu kabisa: ukivuta elevata (usukani wa kuinua pua) vario inaimba, ukiachia inalia kwa huzuni. Ndege imepanda kweli, kwa kubadilisha mwendo kuwa kimo. Kwa anayetafuta hewa moto hiyo ni kelele, na dawa yake ni vario yenye fidia ya nishati, inayotumia pia kasi ya hewani. Kwa anayejifunza, jizuie tu kuvutavuta.

Kuhusu kupotoka polepole: vario iliyotoka kwenye gari lenye joto inahitaji dakika chache kuzoea. Washa, fanya ukaguzi wako mwingine, kisha weka sifuri kabla ya kurusha.

Ampea na mAh hazilingani na chaja

Chaja ndiyo shahidi. Baada ya kuruka, linganisha mAh ilizorudisha na zile telemetria inazodai zilitumika. Fanya hivyo kwa safari kadhaa, si moja, kisha rekebisha uwiano wa sensa ya ampea. Telemetria ikisema 1,000 na chaja ikarudisha 1,100, ongeza uwiano kwa asilimia 10.

Lakini kwanza tazama ampea mota ikiwa imezimwa. Sensa za aina ya Hall (zinazopima mkondo kwa usumaku wake) husogea na joto na zinaweza kuonyesha ampea moja ndege ikiwa imelala mezani. Hiyo ampea moja kwa dakika 30 za kuelea ni mAh 500 za hewa. Rekebisha sifuri kabla ya kugusa uwiano, vinginevyo utakuwa unasahihisha kosa moja kwa kosa jingine.

Mizunguko ya propela ya ajabu

Sensa inayosoma kutoka kwenye nyaya za mota haihesabu mizunguko, inahesabu mapigo ya umeme. Mota ambayo ganda lake la nje ndilo huzunguka, yenye sumaku 14, ina jozi 7, kwa hiyo usipoiambia rimoti utaona namba kubwa mara saba. Hesabu sumaku, gawanya kwa mbili, andika.

Sensa ya macho ina kituko chake. Iwashe kwenye karakana chini ya taa ya tyubu, propela ikiwa imesimama kabisa, na inaweza kukuambia 3,000 kwa dakika. Umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde hupepesa taa mara 100 kwa sekunde, sawa na 6,000 kwa dakika, na kwa propela ya mabawa mawili hiyo ni 3,000 kamili. Toka nje kwenye jua.

GPS na kasi

GPS inataka kuona mbingu. Ndani ya bodi ya kaboni haioni, na jirani na mtambo wa kurusha video inapigwa kelele. Ukiwasha kwa mara ya kwanza mahali papya, ipe muda wa dakika moja au zaidi.

Wengi hubishana kwamba GPS na pitoti (mrija wa kupima kasi ya hewa) hazikubaliani. Zisikubaliane. GPS inatoa kasi juu ya ardhi, pitoti inatoa kasi ndani ya hewa, na upepo ndio tofauti yao. Tena pitoti hudhani hewa ni nzito kama ya pwani. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, kasi halisi hewani ni kubwa kwa takriban asilimia 8 hadi 10 kuliko inayosomwa. Pitoti ikisoma sifuri kabisa, huenda mipira yake miwili ya hewa imebadilishana nafasi.

Kengele inalia hovyo

Kila ukisukuma kijiti cha mota mpaka juu, rimoti inapiga kelele kwamba betri imekwisha, na ukipunguza inanyamaza. Volti hushuka chini ya mzigo na kurudi. Usishushe kiwango cha kengele ili inyamaze, hapo utakuwa umeiua. Weka ucheleweshaji wa sekunde 3 hivi: seli ikae chini ya volti 3.5 kwa muda huo mfululizo ndipo ilie. Betri nzee inayofika hapo dakika ya kwanza ikiwa imetoka kuchajiwa haina tatizo la kengele.

Kila kitu kiko sawa mezani, kinakata hewani

"Telemetria imepotea" si sawa na kupoteza ndege. Mara nyingi njia ya kurudi, kutoka kwenye ndege kuja kwako, ndiyo inayokatika kwanza, na servo zinaendelea kutii. Hata hivyo chukua onyo hilo kwa uzito, rudisha ndege karibu, tua, ndipo uchunguze.

Kwa FrSky, kengele ya RSSI ya kawaida ni 45 na ya hatari ni 42. Kila umbali unapozidi mara mbili RSSI hushuka takriban 6. Ukiwa na 60 kwa mita 200, tegemea kama 54 kwa mita 400. Ikishuka kwa 15 ghafla kwenye kona ileile ya kila mzunguko, si umbali huo. Ni ndege inapokugeuzia ubavu fulani na betri au kaboni inaziba antena, au ncha ya antena inakutazama wewe moja kwa moja. Sehemu inayofanya kazi kwenye antena ni ile ncha ya milimita 31 iliyovuliwa ganda. Itoe nje ya kaboni, iwe nyoofu, mbali na nyaya za sensa, na kama ni mbili ziwekwe kwa pembe ya mraba. Nyaya za sensa zinapoongezeka watu huzifunga kwa tepu pamoja na antena ili ndani paonekane pasafi. Huo usafi unagharimu.

Kabla ya kurudi hewani tumia kipimo cha umbali cha rimoti, ambacho kwenye X9D hupunguza umbali hadi sehemu moja ya 30. Tembea hatua 30, msaidizi azungushe ndege pande zote huku ukisoma RSSI. Rudia mota ikizunguka, ndege ikiwa imefungwa imara na hakuna mtu mbele wala ubavuni mwa propela.

Kama bado hujui, washa kumbukumbu kwenye kadi ya SD na uruke. Rimoti itaandika faili ya CSV unayoweza kuifungua kama jedwali. Tafuta mahali namba zilipoganda, yaani zinajirudia bila hata desimali kubadilika. Zikiganda zote kwa mpigo, RSSI ikiwa imeporomoka mistari michache kabla, rudi kwenye antena. Zikiganda vario na GPS huku Cels na RSSI zikiendelea, na FLVSS ndiyo ya kwanza kwenye mnyororo, tatizo liko kwenye waya kati ya FLVSS na iliyofuata. Toa propela, washa mota polepole hadi bodi itetemeke, na uchezeshe plagi moja moja kwa kidole ukitazama skrini. Ile itakayotoa vistari ndiyo ya kukata na kufunga upya, na ukishaifunga, ishikize kwenye ukuta wa bodi kwa tone la gundi ya moto ili isining'inie kwa uzito wake.